Kiti cha Mgonjwa Kwenye Timu

Mazungumzo ya leo yanawahusu watu ambao siku yao ya kliniki inajulikana mtaa mzima. Ni wenye sukari na wenye presha, wenye pumu, wenye kifafa, wenye selimundu, na wale wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Unawaona wakitoka alfajiri, daftari la hospitali limewekwa vizuri ndani ya mkoba, chupa ya maji ipo, na kipande cha kiazi kitamu kimefungwa cha kula baada ya kutolewa damu, kwa sababu wameambiwa waje hawajala. Wakifika wanaweka madaftari mezani yapangwe kwa zamu, halafu wanakaa kwenye benchi.

Siku hizi viongozi wa sekta ya afya wanazungumza sana habari ya timu. Ugonjwa wa kudumu, wanasema, haufai kuachiwa daktari peke yake. Anatakiwa tabibu wa kituo, muuguzi, mtu wa maabara, mtoa dawa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Nakubaliana nao kabisa. Lakini kila orodha hiyo inaposomwa, namtafuta mtu mmoja simuoni, yule mwenye daftari. Anatajwa mwishoni, kama mtu wa kuhudumiwa na timu, wakati kwa kazi anayoifanya zamu yake ni ndefu kuliko ya wote.

Hebu tupige hesabu. Mwaka una saa 8,760. Mwenye presha anayekwenda kliniki kila mwezi, akibahatika kukaa na tabibu dakika kumi kila mara, mwaka mzima atakuwa amekaa naye saa mbili. Saa 8,758 zilizobaki yuko nyumbani, shambani, dukani, kwenye daladala, msibani, harusini. Huko ndiko chumvi inakotiwa kwenye mchuzi. Huko ndiko mguu uliokufa ganzi unakochomwa na mwiba mwenyewe asijue. Na ule uamuzi wa kumeza dawa saa mbili usiku, umeme umekatika na wajukuu wanadai chakula, anaufanya mwenyewe, hakuna muuguzi wa kumsimamia.

Zahanati zetu zilijengwa kwa maradhi ya namna nyingine. Zilikusudiwa kupambana na malaria, kuhara, surua, nimonia, na matatizo ya uzazi. Kwa maradhi hayo mambo ni mafupi: umeugua, umepimwa, umepewa dawa ya malaria ya siku tatu, umemeza, umepona. Mgonjwa akifanya alivyoambiwa, imetosha. Hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 wana kisukari. Hao hawana dozi ya siku tatu. Lakini wanapoingia chumba cha tabibu bado tunawatazamia watii na kunyamaza, kama vile wamekuja na homa.

Na kuna jambo ambalo kliniki zetu zimekuwa nzito kulisema. Mnakumbuka mwaka 2011, safari za Samunge, Loliondo. Maelfu kwa maelfu ya watu, magari yamepanga foleni ya kilomita nyingi, kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Wenye kisukari walikwenda, wenye presha walikwenda, wenye virusi vya UKIMWI walikwenda, na wapo walioacha dawa zao. Wasomi wengi waliwashangaa. Mimi naona watu wale walikuwa na swali ambalo hakuna aliyekaa nao kulijibu: hizi dawa nitameza mpaka lini? Mtu aliyeanzishiwa dawa ya sukari bila kuelezwa kwamba ni ya maisha atasubiri kupona. Asipopona, atakwenda anakoahidiwa kupona. Na siku akirudi kliniki, alikotoka hatakutaja.

Kuficha huko ndiko kunakoniumiza zaidi ya upungufu wa dawa, na upungufu wa dawa naujua. Tuchukulie bibi mmoja, wa miaka sitini na kitu. Presha yake leo imesoma 170 kwa 100. Tabibu ni kijana, ana adabu zake, na benchi la nje limejaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Presha imepanda leo. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, dokta."

Tabibu anaandika kwenye daftari, anaongeza dawa ya pili. Bibi anapokea bahasha mbili badala ya moja, anashukuru, anaondoka. Ukweli ni kwamba vidonge vya mwezi uliopita viliisha tarehe 18. Pengine alimgawia mdogo wake ambaye naye ana presha. Pengine kituoni havikuwepo, duka la dawa likamkatia kiasi cha pesa aliyokuwa nayo. Katika kituo kizima hapakuwa na mtu mwenye habari hiyo ila yeye. Tabibu amehesabu kwamba dawa ya kwanza imeshindwa, kumbe dawa ya kwanza haikumezwa. Siku bibi atakapopata pesa akameza zote mbili sawasawa, presha inaweza kushuka kupita kiasi, akaanguka anapoinuka usiku kwenda msalani.

Kwa nini alijibu "nameza"? Kwa adabu, na kwa woga. Anamkumbuka mwenzake aliyesema kweli akafokewa mbele ya watu: mama wewe hutaki kupona, unatupotezea muda. Aliyesikia hayo mara moja hahitaji kuambiwa tena. Tangu siku hiyo benchi zima linameza dawa kila siku.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2003 kuhusu jambo hili hili, ikasema kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaotumia dawa zao kama walivyoelekezwa. Basi mtu anayerukwa na dozi ni mtu wa kawaida, na aulizwe kama mtu wa kawaida. Kuna wauguzi wanaojua kuuliza. Husema: "Bibi, dozi huwapita watu wengi, hata mimi ningesahau. Wiki hii zimekupita ngapi?" Hapo bibi anapata pa kuanzia. Atasema mbili, au tatu, halafu atataja la mdogo wake, halafu la duka la dawa. Mtoa dawa akishajua hayo anaweza kutafuta dawa ya bei nafuu zaidi ya kundi lile lile, na mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kwenda kumpima yule mdogo mtu aandikishwe kliniki na kupata za kwake. Jibu moja la kweli limewapa kazi watu watatu wa timu. Jibu la uongo lilimpa kazi mmoja, tena akafanya isiyofaa.

Mawazo haya si ya jana. Mwaka 1918, insulini haijagunduliwa bado, daktari Elliott Joslin wa Boston, Marekani, alichapisha kitabu cha kisukari kilichokusudiwa kutumiwa na daktari na mgonjwa kwa pamoja. Alishaona kwamba ugonjwa huu hauendi bila mwenyewe kuuelewa. Miaka ya 1990, Ed Wagner na wenzake wa Seattle walichora mpango wa huduma kwa magonjwa ya kudumu ambao hadi leo unafundishwa vyuoni. Upande mmoja iko timu iliyojiandaa. Upande wa pili yuko mgonjwa mwenye taarifa na mwenye ari. Na kinacholeta nafuu ni yale yanayopita kati yao.

Ila kwa nini twende mbali hivyo, na sisi tunayo yetu? Mwaka 1987, Uganda, Noerine Kaleeba aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, pamoja na wenzake, baadhi yao wakiishi na virusi wenyewe. Dawa za kufubaza hazikuwepo. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja, kushauriana, na kutembelea walioshindwa kutoka kitandani. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza bila malipo mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo hazikuchukua muda kugundua kwamba muuguzi peke yake hamuwezi mtu aliyepewa majibu leo asubuhi. Ndipo wakaingia WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi, waliokwisha kuzoea dawa, waliopewa mafunzo na meza yao ndani ya kliniki. Mgeni akija amejikunyata, anayempokea ni mtu anayemwambia: mimi natumia dawa hizi mwaka wa kumi na mbili huu, na mwanangu huyo hapo hana maambukizi. Mteja akipotea, mshauri ndiye anayekwenda kumtafuta mtaani, maana anajua anapokaa na anajua aibu ilivyo. Na mtu akitulia na dawa zake hakalishwi benchini kila mwezi. Anapewa za miezi mitatu au sita, akaendelee na shughuli zake.

Sasa nendeni kwenye kliniki ya sukari, mara nyingi ni jengo la pili tu hapo hapo uani. Meza ya mshauri mwenye kisukari iko wapi? Najua sababu moja ni fedha. Huduma za UKIMWI zimebebwa kwa miaka mingi na Mfuko wa Dunia na msaada wa Marekani, kisukari hakikupata wafadhili wa namna hiyo. Lakini kumpa mama aliyeishi na insulini miaka ishirini nusu saa ya kuzungumza na benchi kabla madaftari hayajaanza kuitwa, awaonyeshe anavyozungusha sehemu za kuchoma sindano tumboni na pajani, awaeleze anavyojijua sukari inaposhuka, jasho linavyomtoka na mikono inavyotetemeka, na kwa nini haachi kubeba sukari kidogo kwenye karatasi ndani ya pochi, hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mganga mfawidhi aamue.

Kenya ya magharibi wamekwenda hatua ya mbele. Mpango wa AMPATH wa Eldoret umeunganisha vikundi vya kuweka na kukopa na kliniki ya presha na sukari. Watu wanakutana karibu na kwao, wanaweka akiba, wanapimwa, wanapata ushauri na dawa, na yule aliyekwama anasikilizwa na wenzake kabla ya kusikilizwa na daktari. Nikiangalia vikoba vyetu, vinavyokutana kila wiki bila kukosa na vyenye katiba na faini ya kuchelewa, naona nguvu kubwa ambayo wizara haijaigusa.

Niseme pia habari ya kupima nyumbani, maana mashine za presha zimeingia majumbani siku hizi; watoto walioko mjini huwanunulia wazazi. Ni jambo zuri, ila watu wengi wanapima vibaya. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, utulie dakika tano. Miguu yote miwili ikanyage chini, usiipandanishe. Uwe umeshajisaidia haja ndogo, na ndani ya nusu saa hujanywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, usifungwe juu ya shati, na mkono uegemee mezani usawa wa moyo. Usizungumze wakati mashine inajaa upepo. Pima, pumzika dakika moja, pima tena, andika zote mbili pamoja na tarehe na saa, hata kama hukuzipenda. Kliniki mtu hupimwa ameteremka kwenye daladala sasa hivi, ana wasiwasi wa foleni, na muuguzi anamsemesha. Mtu anayekuja na vipimo kumi na viwili vya nyumbani vilivyoandikwa vizuri amemletea tabibu kitu ambacho tabibu mwenyewe, kwa elimu yake yote, hana njia ya kukipata pale mezani. Mtu huyo ndiye ninayemwita mwanatimu.

Wakati mwingine mgonjwa ndiye anayelazimisha utaalamu ubadilike. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wenye kisukari walilazimika kurudi hospitali kila siku kuchomwa insulini, kwa kuwa nyumbani hakuna jokofu na kanuni zilidai ikae kwenye baridi. Nani anaweza kulima, kufanya biashara au kwenda shule akiwa amefungwa hivyo? Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakaichunguza insulini katika joto la mle mle kambini, nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana, wakakuta kwamba inabaki na nguvu yake kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Maana yake ni kwamba mtu aliyefundishwa vizuri anaweza kukaa na dawa yake nyumbani na kujichoma mwenyewe.

Msikilizaji, naliogopa jambo moja katika habari hii, nalo ni lawama. Ni rahisi sana mtu kusema mgonjwa ni mshirika, halafu mambo yakiharibika mzigo wote akatwishwa yeye: hujali, hujitunzi, tulikwambia. Mtu hajawa mshirika kwa kupewa karatasi inayosema aache wanga, aache chumvi, aache mafuta, apunguze mawazo. Apunguze mawazo vipi, na ada ya mtoto inadaiwa? Tena nyumbani kwetu mgonjwa hali peke yake. Sinia ni moja. Mzee mwenye presha hashiki kijiko cha chumvi maisha yake yote. Kimeshikwa na mkewe, au na mkamwana wake. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isifike gramu tano, yaani isijae kijiko kimoja cha chai, tena humo imo ya kwenye mkate, ya dagaa na ya kile kiungo cha mchuzi cha vipande. Sasa unamhubiria nani, kama anayepika amebaki nje ya mlango akishika mkoba? Aingie. Aketi. Aulizwe anapikaje, asikilizwe, na ugali usipigwe marufuku kwa mtu ambaye hana kingine. Akubaliane na muuguzi juu ya kiasi cha ugali, mboga za majani ziongezeke, chumvi itiwe mara moja wakati wa kupika na kikopo chake kiondolewe mezani.

Mfungo wa Ramadhani nao ni hivyo hivyo. Wako wenye kisukari wanaofunga kimya kimya kwa kuhofia kukatazwa, wanaruka dawa ya mchana, au wanaimeza yote kwa mkupuo wakati wa futari. Mwambieni tabibu mwezi mmoja au miwili kabla. Kwa wengine dozi hupangwa upya ikaenda na daku na futari. Kwa wengine, hasa wanaotumia insulini na waliowahi kuzimia sukari iliposhuka, jibu litakuwa wasifunge, na mashekhe wameeleza mara nyingi ruhusa aliyonayo mgonjwa. Vyovyote itakavyokuwa, liamuliwe pamoja kabla mwezi haujaandama. Na mitishamba unayotumia ipeleke hapo kliniki ndani ya mfuko pamoja na vidonge vyako vyote, uvimwage mezani. Muuguzi akikunja uso, mvumilie. Akitulia atauliza unatumia kiasi gani.

Kuna kiti kingine cha mgonjwa ambacho hakizungumzwi sana. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za vituo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo inahusika kuupitia mpango na matumizi. Humo ndimo inamoamuliwa kama vitanunuliwa vijiti vya kupimia sukari, kama mashine ya presha itapata betri, na kama utanunuliwa mkanda mpana kwa wenye mikono minene, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu akaandikiwa dawa asiyoihitaji. Mjumbe asiyewahi kukaa kwenye lile benchi hawezi kuujua umuhimu wa mkanda huo. Muda wa kamati ukiisha nafasi hutangazwa. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa nafasi hizo zinajazwa lini, na siku ya kliniki ijayo, wakati madaftari yanapangwa, chagueni miongoni mwenu wa kuomba.